Namna ya kupata saa moja ya peke yako Mtwara mjini

Nyumba ninayokaa Chikongola ina vyumba sita na familia tano. Ua ni mmoja, bomba ni moja, choo tunapokezana. Kuta za ndani hazifiki kwenye paa, kwa hiyo jirani akikohoa usiku nami naamka, na mtoto wangu akilia wao ndio wanaonihesabia asubuhi kalia mara ngapi. Nawapenda watu hawa. Nilipofiwa na mama, ni wao waliotandika majamvi, wakapika na kuosha vyombo siku zote za matanga. Matanga yalipokwisha nikagundua kwamba sijalia. Kila nilipotaka kulia palikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na maneno mazuri ya kunipoza.

Nilitaka saa moja tu bila kusemeshwa. Nyumbani haikuwepo, nikaanza kuitafuta mjini, mahali pa wote, wapitapo watu. Huu ni mwaka wa nne. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayeishi kwenye nyumba kama yangu, asiye na chumba cha ziada wala pesa ya hoteli.

Jambo hili limekosa jina zuri kwetu. Ukisema upweke, watu wanasikia ugonjwa. Ukisema faragha, wanasikia siri. Kubarizi ni neno tamu, lakini anayebarizi hupenda kuwa na wenzake. Neno lililonisaidia kuelewa ninachokitafuta ni itikafu, yaani kujitenga msikitini kwa ajili ya ibada. Marehemu baba alikuwa akikaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani, nami nilikuwa nampelekea futari msikitini. Watu walimwona, walipita karibu yake, hawakumsemesha, kwa kuwa waliijua nia yake. Hakujificha. Hatua zote zilizo hapa chini ni njia za kuwajulisha watu nia yako ili wakuachie.

Hatua ya 1: Aga

Mara ya kwanza niliondoka kimyakimya, mchana, nikaenda zangu pwani. Niliporudi jioni wifi yangu alikuwa ameshazunguka nyumba tatu kuniulizia, na mtu mmoja alikuwa ameshamwambia mume wangu kwamba ameniona ufukweni "nimekaa, kama namsubiri mtu". Usiku ule tulilala na maneno. Sikuwa nimefanya baya lolote, lakini nilikuwa nimewaachia watu pengo, nao wakalijaza wenyewe.

Sasa naaga. Nasimama mlangoni, nasema kwa sauti ya kusikika na ua mzima: "Naenda pwani kupunga upepo, narudi kabla ya magharibi." Naitaja sehemu yenyewe, Feri au Shangani, na ninaporudi narudi saa niliyoitaja. Ukifanya hivyo mara tatu nne hakuna atakayekuuliza tena. Usisingizie sokoni. Ukisema sokoni utaagizwa nyanya, utaagizwa chumvi, utaambiwa umpitie fulani, na saa yako imekwenda. Tena kuaga ni usalama wako: ukichelewa, kuna anayejua pa kuanzia kukutafuta.

Hatua ya 2: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Wengi huuliza waende wapi. Mimi nauliza kwanza saa ngapi, maana palepale penye vurumai saa 2 asubuhi huwa patupu saa 8 mchana. Chukua soko la samaki la Feri. Asubuhi vyombo vikiingia ni mnada, ndoo, maji ya samaki na watu kugombania samaki aina ya changu. Rudi saa 8 na nusu. Utakuta paka, meza zimeshaoshwa, na vijana wawili watatu wamelala kivulini kofia usoni.

Kwa mji wetu saa tulivu ni tatu. Ya kwanza ni alfajiri, watu wakishatoka kuswali na kabla daladala hazijachangamka. Hapa angalia mwezi wa mwaka: mwezi wa 6 jua huchomoza kama saa 12 na nusu, lakini mwezi wa 11 linatangulia saa 12, kwa hiyo anayeogopa giza anapata alfajiri ndefu zaidi kuelekea mwisho wa mwaka. Ya pili ni mchana wa jua kali, saa 8 hadi saa 9, kama una kivuli. Ya tatu ni Ijumaa adhuhuri, wakati wa swala. Maduka mengi yamefungwa, mitaa imenyamaza, hata bodaboda zimepungua. Mwanamke asiyekwenda msikitini siku hiyo anaweza kukaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, katikati ya mji, asipate wa kumgusa.

Saa mbaya ni saa 11 jioni, hasa Jumapili. Shangani saa hiyo ni ya familia, ya watoto na ya wapendanao. Waachie. Na msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa 10, minada ikianza, malori yanapishana usiku na mchana na mji unajaa wageni wenye pesa na wenye haraka. Miezi hiyo alfajiri ndiyo tegemeo langu.

Kama unakaa pwani, ujue na maji. Bahari ina saa zake, na ukizijua utakuwa na ufuo mtupu wakati wengine wanabanana. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja hivi, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa, ingawa si kwa nguvu. Huhitaji karatasi. Angalia mwezi usiku, uhesabu siku.

Asubuhi ya bamvua ndiyo niipendayo kuliko zote. Maji yamekwenda mbali, maana kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3, na mbele yako kuna uwanda wa mchanga na mwamba usioisha leo. Akina mama wa pweza wamo humo na vyuma vyao, kila mmoja ameinama kwenye tundu lake. Ukiingia kati yao hakuna anayekushangaa na hakuna mwenye nafasi ya kuzungumza nawe. Vaa viatu vya kufunga, kwa kuwa miiba ya baharini haina huruma. Na shika sheria moja: wakigeuka wao, geuka. Usisubiri uone maji. Yanapoanza kurudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, ukashtukia umezungukwa.

Hatua ya 3: Mahali

Mtwara ina bahati ambayo miji mingi haina, nafasi. Mji ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, na walioupanga walitarajia mji mkubwa kuliko uliokuja. Mpango wa karanga ulikufa mwaka 1951. Reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa mwaka 1962, na leo imebaki jina la kata. Lakini barabara pana zilibaki, na viwanja kati ya mtaa na mtaa. Kwa hiyo kutembea peke yako ni faragha inayopatikana hapa bila gharama yoyote. Tembea upande ambao magari yanakuja yakikukabili. Bodaboda anayekuja kutoka nyuma hajui nia yako, atapunguza mwendo na kukuita, "Dada, twende?" Anayekukabili anakuona uso, unainua kiganja tu, anapita.

Kwa kukaa, chaguo langu la kwanza ni palipopandishwa vyombo ufukweni, karibu na Feri. Mashua iliyoinuliwa kwa matengenezo ina kivuli kizuri upande mmoja na inakukinga na macho ya barabarani. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mzee anatia kalafati. Alikuwa amechuchumaa na patasi na nyundo, anasokota pamba kwa vidole, anaipachika kwenye ufa kati ya ubao na ubao, anaigonga taratibu mpaka inazama, anasogea nusu shubiri, anaanza tena. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ilikuwa nzito. Nilimwamkia, nikamwomba nikae kivulini, akaniambia, "Kaa, mwanangu, chombo si changu na kivuli si changu." Nikakaa. Sijui ilipita muda gani, machozi yakaja. Nyundo haikusimama. Tok, tok, tok, kwa mwendo uleule. Jua liliposogea likanipata miguuni, akainuka, akavuta kipande cha tanga kuukuu kilichokuwa juu ya mbao zake, akakitundika kwenye ubavu wa mashua upande wangu, akarudi kwenye kazi yake. Nilipoaga ndipo akasema, "Pole." Hakuuliza ya nini.

Kwa hiyo tafuta palipo na fundi. Mtu mwenye kazi ya mikono inayohitaji utulivu ni jirani bora kwa mtu anayetaka kukaa kimya: fundi mashua, mshona nyavu, fundi baiskeli asiye na foleni. Yupo, kwa hiyo hauko jangwani. Ana shughuli, kwa hiyo hakusemeshi. Na mbele yake hakuna kijana atakayekuja kukusumbua.

Mikindani ni safari fupi ya daladala, kilomita 10 hivi. Ghuba yake imezungukwa na nchi karibu pande zote, maji hayana mawimbi ya kelele, na ukikaa ukingoni unatazama kitu kinachofanana na ziwa. Wageni wanaokuja kwa ajili ya historia huelekea kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli, au kuuliza habari za Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wewe baki chini kwenye maji. Ubaya wake ni kwamba barabara ya Lindi inapita hapohapo, kwa hiyo chagua sehemu ambayo nyumba za zamani zinakukinga na magari. Mikindani ni mji wa watu wanaojuana. Ukifika mara ya kwanza hutapata faragha, utahojiwa. Mara ya tatu utaachwa.

Kivuko cha Msangamkuu nacho nakipenda, ingawa safari ni fupi. Simama pembeni, mkono kwenye chuma, tazama maji. Safari ya kwenda na kurudi bila kushuka kijijini ni dawa tosha kwa siku ambayo huna muda.

Kanisa la Mtakatifu Paulo pale Majengo lina michoro mikubwa ya habari za Biblia, iliyochorwa katika miaka ya 1970 na padri Polycarp Uehlinger. Mimi ni Mwislamu. Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka, siku isiyo ya ibada, tukaomba ruhusa, tukakaa viti viwili tofauti. Nyumba ya ibada inajua kumtunza mtu aliyenyamaza. Ingia kwa adabu, usipige picha, ukiona ibada inaanza na wewe si mhusika, toka.

Maktaba ya mkoa ni nzuri, ila karibu na mitihani wanafunzi huijaza.

Benchi la nje la hospitali yoyote ni mahali pengine mjini ambapo mtu mzima anaweza kulia na asiulizwe. Usichukue nafasi ya mgonjwa wala ya anayeuguza.

Pa kuepuka. Usikae chini ya mnazi, hata kama kivuli kinakuita. Usikae chini ya mwembe msimu wa embe, watoto watakuja na mawe kupopoa. Usikae karibu na uzio wa bandari, uwanja wa ndege au sehemu za jeshi, na usitoe simu kupiga picha huko. Makaburini sipashauri, ni kwa wenyewe na kwa wanaokwenda kuwasomea dua. Na mbuyu, ukishaingia jioni, uache. Mtu akikuona peke yako chini ya mbuyu gizani atakuwa na maneno yake, na maneno ya namna hiyo hayatoki mjini kirahisi.

Hatua ya 4: Salimia mpaka mwisho

Ukipita watu bila kuwasalimia umewaachia swali, nao watakufuata nalo. Salamu ya nusu ni mbaya kuliko kutosalimia. Mwamkie mkubwa, ngoja akuitikie marahaba. Akikuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, jibu zote, nawe uulize zako. Dakika mbili zinatosha. Mazungumzo yakifika kwenye "haya", hapo ndipo pa kuiweka nia yako. Mimi husema: "Haya baba, nakaa pale kidogo napumzisha kichwa." Sijawahi kukataliwa.

Chunga maneno. Ukisema "nina mawazo", umeita kikao. Watu wetu wakisikia mawazo wanavuta kiti, kwa wema kabisa, waanze kukushauri. Ukisema "nimechoka", utapewa mkeka ulale. "Kupumzisha kichwa" kunaeleweka na kila mtu na hakumpi mtu kazi ya kufanya.

Kijiweni, nunua. Kikombe kimoja cha kahawa chungu na kashata moja, ulipe papo hapo, ukae upande. Muuza kahawa akishakuzoea anakuwa mlinzi wako. Yule ninayenunua kwake, mtu akinisogelea, yeye humwita kwa jambo jingine.

Hatua ya 5: Shughulisha mikono

Mikono mitupu inaita watu. Mwanamke aliyekaa hana kitu mkononi anaonekana ameachwa au anasubiri. Mpe ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, asuke, na hapohapo anaonekana yuko kazini. Mimi nilijifunza kusuka ukili utotoni nikauacha, nimeurudia kwa sababu hii. Miyaa yenyewe, yale majani ya kusukia, unailoweka nyumbani, unaifunga kwenye kitambaa chenye majimaji isikauke, unakwenda nayo kwenye mkoba. Vidole vinajua njia, kichwa kinabaki huru. Mwanaume achukue mshipi na ndoano. Mwenye mshipi anaweza kutazama bahari kutwa nzima, hata asiposhika kitu, asiulizwe ana nini. Tasbihi na rozari zinafanya kazi hiyohiyo, ila zitumie kwa ibada kweli, usizifanye pazia.

Simu sikushauri. Watu watakuacha, ni kweli, lakini waliomo ndani ya simu hawatakuacha. Ichukue kwa usalama, izime mlio, iweke chini ya mkoba.

Hatua ya 6: Vumilia robo saa ya kwanza

Hili hakuna aliyenionya. Unafika, umeaga, umesalimia, umekaa, na badala ya utulivu inakuja vurugu: deni la kikoba, maneno ya wifi, sufuria uliyoiacha jikoni. Unataka kunyanyuka. Mwaka 2014 mtafiti Timothy Wilson na wenzake wa chuo kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha jaribio ambamo waliwaacha watu chumbani peke yao kwa dakika 15 bila kitu cha kufanya ila kufikiri, na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme kama wakitaka. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Niliposoma hivyo nilifarijika sana. Kumbe kukaa na nafsi yako ni kazi ngumu kwa binadamu, hata yule mwenye chumba chake.

Ninachofanya ni kuchagua kitu kimoja cha kutazama na kukifuata. Ngalawa moja mpaka ipotee. Kaa mmoja anavyochimba, anatoa mchanga, anaurusha, anasita, anarudi ndani. Mawazo ya nyumbani nayaacha yapite bila kuyajibu. Kwenye dakika ya 20 hivi mabega hushuka yenyewe. Kilio kikija, geukia bahari, jifunike kanga, kiache.

Usalama, hasa kwa mwanamke

Jua likianza kuzama, uwe njiani. Kaa pale unapoweza kumwona angalau mtu mmoja na yeye akakuona. Usiende na pesa zaidi ya nauli na kahawa. Mwanaume akija kukaa bila kukuomba, usibishane naye na usimpe jina. Nyanyuka, nenda kwa fundi au kwa mama muuza muhogo, ukae karibu naye. Kupoteza kivuli kizuri si hasara. Na kama moyo umekataa mahali, hata kama huoni sababu, usipakae.

Hatua ya 7: Rudi na kitu

Usirudi mikono mitupu. Pitia kwa wauza ming'oko, vile viazi vya porini, nunua fungu moja la iliyochemshwa, ukifika uani liweke kwenye sinia katikati ya watu, chumvi na pilipili pembeni. Watoto watakuja, wifi atakuja, mtamenya pamoja, watakuuliza pwani kukoje, nawe utawaambia upepo ulikuwa wa kusi, na vyombo vilivyoingia ni vingapi. Ukikosa ming'oko, muhogo wa kuchoma.